Mgeni Aliyeucheka Mkate

Katika mji mkuu wa dola ya Mali, mwaka 1352, mwanazuoni mmoja alitoka nyumbani kwake mbio, miguu mitupu, akaingia kwa mgeni aliyekuwa akikaa mjini hapo. Alimwambia ainuke, zawadi ya mfalme imefika. Mgeni akainuka hima. Moyoni alikwisha kuliona joho la heshima na dhahabu ya kutosha. Kilichowekwa mbele yake kilikuwa mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe iliyokaangwa kwa mafuta ya mbegu za mti wa huko, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Mgeni akacheka. Baadaye aliona ni jambo linalostahili kuingia kitabuni, kwamba watu wale wana akili haba hata wakakitukuza kitu duni kiasi kile.

Zawadi hiyo ilipita kwanza mikononi mwa watu wazito. Ilitoka kwa mfalme ikapelekwa kwa kadhi, kadhi akaituma kwa mwanazuoni, na mwanazuoni hakumwachia mtumishi kazi ya kupeleka habari. Alikimbia mwenyewe, wala hakukumbuka viatu. Mtu mwenye jicho la kusoma adabu za wenyeji angeitazama kwanza hiyo miguu mitupu, ndipo akitazame kibuyu.

Jina la mgeni ni Ibn Battuta. Alizaliwa Tangier, Moroko, mwaka 1304, akatoka kwao mwaka 1325, kijana wa miaka 21, kwenda kuhiji. Hija ikazaa safari, na safari ikazaa nyingine. Alifika Misri, Sham, Uajemi, pwani yetu hii, nchi za Waturuki, India, visiwa vya Maldivi na, kwa maelezo yake mwenyewe, hadi China, ndipo akarejea kwao mwaka 1349. Mali ilikuwa safari yake kubwa ya mwisho. Kisa chake kinanigusa kwa sababu hiyo hasa. Aliyekicheka kibuyu hakuwa mtu aliyetoka kijijini kwake kwa mara ya kwanza. Alikuwa amezishuhudia nchi nyingi kuliko karibu kila mtu wa zama zake, na bado alifika mlangoni pa watu na kipimo kimoja tu.

Kipimo chenyewe kilikuwa zawadi. Tumwelewe kabla ya kumlaumu. Mwanazuoni wa sheria aliyekuwa safarini aliishi kwa ukarimu wa watawala: alipofika mji alipewa mavazi, kipando, nyumba na fedha. Sultani wa Delhi, Muhammad bin Tughluq, alimfanya kadhi na kumlipa maelfu ya dinari. Kwa mtu wa maisha hayo, mtawala mwema ni yule anayetoa, na nchi njema ni ya mtawala mwema. Tena alikuwa amesikia mengi kuhusu Mali. Mwaka 1324 Mansa Musa alipita Cairo akienda Makka, akagawa dhahabu hata bei yake ikashuka Misri, na habari hiyo ikabaki vinywani mwa watu kwa miaka mingi. Ibn Battuta aliingia Cairo miaka miwili baadaye. Alipovuka Sahara mwaka 1352, kiti cha Mansa Musa kilikuwa kimekaliwa na ndugu yake, Mansa Sulayman, lakini masikio ya mgeni yalikuwa bado Cairo.

Tabia hii inaonekana hata alipopita kwetu. Alifika Kilwa mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa wingi wa utoaji wake. Ibn Battuta anasimulia jinsi maskini mmoja kutoka Yemen alivyomsimamisha sultani huyo akitoka sala ya Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali. Maskini akataka apewe papo hapo. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akabadili nguo, akamwita maskini azichukue. Mwanawe akazirejesha nguo zile kwa kumpa maskini watumwa kumi, na sultani aliposikia watu wanavyomsifu akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kisha Ibn Battuta anaeleza kwamba sultani huyo alipokufa alirithiwa na ndugu yake Dawud, ambaye alimjibu kila mwombaji kuwa mtoaji amekwisha kufa na hakuacha cha kutoa.

Kisa kinasimuliwa kwa furaha kubwa, na binadamu ishirini walioingia katika hesabu hiyo kama mali hawakupata hata sentensi moja. Sultani huyohuyo ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, jumba la mawe ya matumbawe juu ya jabali la bahari, lenye bwawa la pembe nane, ambalo magofu yake yamo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 1981. Kitabu cha safari za Ibn Battuta hakilitaji. Kinasema tu kwamba mji ni mzuri na umejengwa vizuri kwa miti. Yawezekana jumba lilikuwa bado halijasimama, yawezekana maandishi yaliharibika mikononi mwa wanakili. Hilo wataalamu wanalijadili. Ninachokiona mimi ni kwamba tunakijua zaidi kilichotoka mkononi mwa sultani kuliko tunavyoujua mji wake.

Linganisha na Mombasa. Alikaa huko usiku mmoja tu, akiwa njiani. Hakuna mfalme anayetajwa kumpa chochote, na hakuna chochote alichokuwa akikitarajia. Ona basi alivyoona: watu wanakula ndizi na samaki, hutembea pekupeku, kwenye milango ya misikiti kuna visima, na maji huchotwa kwa kata ya mti yenye mpini mwembamba wa urefu wa dhiraa moja, pembeni pamesawazishwa, na anayetaka kuingia huosha miguu, kisha huifuta kwenye jamvi nene lililowekwa mlangoni. Ni karibu miaka 700 imepita, na mtu wa pwani akisoma hapo anaisikia miguu yake mwenyewe ikigusa jamvi. Jicho hilo lilikuwa kali sana. Liliona vizuri pale ambapo halikuwa linadai.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na maarifa ya kumwokoa. Maldivi, alikofika mnamo 1343, alikuta fedha ya watu ni kauri zinazookotwa baharini. Aliandika kwamba huko laki nne za kauri huuzwa kwa dinari moja ya dhahabu, na bei ikishuka huwa nyingi zaidi. Miaka tisa baadaye, huko Mali na katika mji wa Gao, akazikuta kauri zilezile zikiuzwa 1,150 kwa dinari. Alizitambua, akazihesabu, akaandika bei zote mbili. Hakuna mtu wa zama zake aliyekuwa na ushahidi ulio wazi zaidi kwamba kitu kimoja hubadilika uzito kwa kubadili ardhi, na kwamba thamani yake huijua aliye pale. Alilikubali hilo kwa kombe la baharini. Kwa mkate hakulikubali.

Na pale Maldivi palikuwa na onyo lingine. Visiwa hivyo vilitawaliwa na malkia, Khadija, na wenyeji walimpokea Ibn Battuta kwa heshima, wakamwoza katika familia za wakubwa, wakampa ukadhi. Akaanza kuwanyoosha. Walioacha sala ya Ijumaa aliagiza wachapwe viboko. Wanawake, ambao huko hawakufunika sehemu ya juu ya mwili, aliwaamuru wajifunike. Hawakumsikiliza, akaishia kuwazuia wasiingie barazani kwake bila kujifunika. Alipohukumu mwizi akatwe mkono, baadhi ya waliokuwepo walizimia. Mwishowe akagombana na waziri akaondoka mwaka 1344, na alipofika kusini mwa India akamshawishi sultani wa Ma'bar apeleke jeshi kuvitwaa visiwa vile vilivyomlisha na kumwoza. Mpango uliiva, merikebu zikaanza kutayarishwa; ulikufa kwa sababu sultani mwenyewe alikufa. Kutoka kwenye ukali wa mgeni anayesahihisha wenyeji hadi kwenye merikebu za vita haikuwa safari ndefu.

Sasa turudi Sahara. Msafara ulipita Taghaza, mji wa machimbo ya chumvi ambako nyumba na msikiti vilijengwa kwa matofali ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia, ukaendelea hadi Walata, mji wa kwanza wa himaya ya Mali kwa anayetoka kaskazini. Palikuwa na joto kali, na mitende michache ambayo chini ya vivuli vyake watu walipanda matikiti. Kaimu wa mfalme aliwapokea wafanyabiashara akiwa ameketi kwenye zulia, nao wamesimama karibu kabisa naye, lakini akazungumza nao kupitia mkalimani. Ibn Battuta akaona hiyo ni dharau, akajuta kuwa amekuja.

Miezi michache baadaye, katika ikulu ya Mansa Sulayman, aliona kwa macho yake jinsi maneno ya mfalme yanavyopita kwa msemaji, mtu mwenye cheo kikubwa na mavazi ya fahari aliyeitwa Dugha, na jinsi maneno ya raia nayo yanavyomfikia mfalme kwa njia hiyohiyo. Aliyaeleza yote hayo kwa ufasaha. Desturi hiyo imeenea Afrika Magharibi. Miongoni mwa Waasante wa Ghana hadi leo chifu ana msemaji wake, okyeame, na kauli ya mkuu haitupwi ovyo mbele ya watu. Kwa hiyo kaimu wa Walata alikuwa akiwapokea wageni kwa itifaki ya dola yake. Ibn Battuta alikusanya kila kitu cha kumwezesha kulitambua hilo, lakini hakurudi nyuma kusahihisha alichokiandika.

Hapo hapo Walata, mkaguzi wa mji aliwaalika waliofika na msafara. Ibn Battuta hakutaka kwenda, wenzake wakamsihi. Kikaletwa kibuyu kilichopasuliwa nusu, kipana kama bakuli, ndani yake mtama uliotwangwa, umechanganywa na asali na maziwa kidogo. Wakanywa, wakaondoka. Aliuliza kama ndicho hicho walichoitiwa. Akajibiwa kwamba ndicho, na kwamba kwa watu wa hapo hakuna ukarimu ulio juu ya huo. Akakata tamaa papo hapo, akafikiri hata kurudi Moroko.

Jaribu kukiona kibuyu hicho kwa macho ya aliyekitoa. Mtu ametoka jangwani, wiki nyingi za maji ya chumvichumvi, midomo imepasuka. Unampa nini? Nafaka imtie nguvu, maziwa yampoze, asali imrudishie uhai, tena katika chombo kinachopita kwa wote ili pasiwe na mkubwa wala mdogo. Hicho ni chakula cha mtu aliyefikiri juu ya mgeni wake. Na huyo mgeni alikaa Walata karibu siku hamsini, akiheshimiwa na kukaribishwa na wakubwa wa mji, kama anavyokiri mwenyewe.

Kisha akaanza njia ya kwenda mji mkuu, na njiani likatokea jambo ambalo kila anayebeba pasipoti angepaswa kulisoma. Walifika kwenye mto mkubwa, ule tunaouita leo Niger. Ibn Battuta akateremka ukingoni kujisaidia. Mwenyeji mmoja akaja akasimama kati yake na maji, karibu sana, akabaki hapo. Mgeni akafura kwa hasira. Aliona hajapata kukutana na mtu mkosa adabu na asiye na haya kiasi hicho. Akamsimulia mtu mwingine, naye akamweleza: yule bwana alihofia mamba. Aliwaona majini, au alijua walipo, akaja akauweka mwili wake katikati.

Ibn Battuta ameliandika hilo mwenyewe, na kwa hilo namheshimu, maana angeweza kulificha. Lakini katika kitabu limepita kama mambo mengine ya njiani. Hasemi kama alimtafuta yule mtu. Hasemi kama alimshukuru. Wala hakuna mahali panapoonyesha kwamba kuanzia hapo alijiuliza ni mara ngapi nyingine alichukizwa na mtu aliyekuwa akimkinga.

Nisidhaniwe namsema msafiri wa karne ya 14 peke yake. Mwishoni mwa Mei 2022 dunia nzima mtandaoni iliwacheka Waswidi. Mtu mmoja alisimulia kwamba utotoni, akiwa nyumbani kwa rafiki yake Mswidi, muda wa chakula cha jioni ulipofika familia ilikwenda mezani na yeye akaachwa chumbani asubiri. Wengine wengi wakaongeza yao. Sisi Waafrika tulikuwa mstari wa mbele, na tuna sababu: kwetu mtoto wa jirani akikutwa na chakula hunawishwa mikono kama wa nyumbani. Lakini Waswidi walipoeleza, wachache walisikiliza. Baadhi walisema kwao hilo halikutokea kamwe. Wengine walisema mama wa mtoto yule anapika kwake wakati huohuo, na ukimshibisha mtoto wake bila kumwuliza umemharibia mlo na umeingilia nyumba ya mwenzio; heshima kwa familia nyingine ndiyo iliyowafunga mikono. Mtu anaweza kusikia hayo yote na bado akaona desturi yetu ni bora. Mimi naiona hivyo. Ila kabla ya maelezo hayo tulikuwa tumekwisha kutoa hukumu juu ya roho ya taifa zima, kwa sahani moja ambayo haikuwekwa.

Vijana wetu wanasafiri sasa kuliko wakati wowote. Wanakwenda Guangzhou kufunga mizigo, Dubai na Muscat kutafuta kazi, Istanbul kununua nguo, Ulaya na Marekani kusoma, na simu iko mkononi tangu uwanja wa ndege. Kwa dakika moja ya video mtu anatangaza kwamba watu wa hapa ni wachoyo, wa pale ni wachafu, wa kule hawana utu. Hajamaliza wiki. Hajui hata jina la mtu aliyemuuzia chakula. Nayasikia maneno hayo na nawaogopea wasemaji kuliko wasemwa, kwa sababu aliyekwisha kuhukumu hana tena haja ya kuuliza.

Mlango uliofungwa kwa namna hiyo upo katika kitabu, nao ni wa Walata vilevile. Wakazi wengi wa mji huo walikuwa Wamasufa, Waislamu waliosali na kuhifadhi Kurani, ambao mtu kwao alihesabiwa kwa ukoo wa mjomba wake, na mali yake ikarithiwa na watoto wa dada yake. Ibn Battuta aliandika kwamba hilo hakuliona popote duniani isipokuwa kwa watu wa Malabar, India. Msomaji wa kusini mwa Tanzania hawezi kustaajabu: Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao wanaijua hesabu ya ukoo kwa upande wa mama.

Mmoja wa Wamasufa hao, Abu Muhammad Yandakan, alikuwa amesafiri na Ibn Battuta katika msafara. Siku moja Ibn Battuta alimtembelea. Alimkuta ameketi kwenye zulia. Katikati ya nyumba kuna kitanda chenye kivuli, mwanamke amekaa hapo akizungumza na mwanamume. Aliuliza ni nani yule. Akaambiwa ni mke wa mwenye nyumba. Na huyo mwanamume? Rafiki yake. Ibn Battuta akahoji: wewe umeishi kwetu, unaijua sheria, unakubali vipi? Yandakan akajibu kwa utulivu kwamba kwao wanawake na wanaume hukaa pamoja kwa wema na adabu njema, hapana shaka ndani yake, na kwamba wanawake wao si kama wanawake wa nchi ya mgeni wake. Ibn Battuta akatoka. Yandakan alimwalika tena, zaidi ya mara moja. Hakwenda.

Msomaji anaweza kuwa na msimamo wake juu ya maingiliano ya namna hiyo, na dini yake ikamwelekeza; simwombi aubadili. Lakini mtu aliyetembea naye jangwani, aliyemfungulia nyumba na kumjibu swali zito bila hasira, aliita na kuita tena. Mle ndani mlikuwa na majibu ambayo hakuna mwingine angempa: jamii ya wacha Mungu ilivyoishi na urithi wa mjomba, mwanamke alivyokuwa na sauti katika nyumba ile, yeye mwenyewe alivyosema juu ya maisha yake. Badala yake tumepata mshtuko wa mgeni, basi.

Tukifika mji mkuu, haki inanitaka nitaje kwamba aliugua. Siku chache baada ya kuwasili alikula uji wa aina ya kiazi na wenzake watano. Mmoja akafa, yeye akazimia katika sala ya alfajiri, akaokolewa na dawa ya Mmisri mmoja iliyomtapisha. Alikaa miezi miwili kitandani. Mtu aliyedhoofika hivyo huona vitu vyeusi zaidi ya vilivyo.

Ibn Battuta alipopata nafuu, Mansa Sulayman aliandaa hitima. Ilikuwa ya Abu al-Hasan, sultani wa Moroko aliyekufa mwaka uliotangulia, yaani mfalme wa nchi ya mgeni wetu. Waliitwa wakubwa, kadhi na khatibu, Kurani ikasomwa hadi ikahitimishwa, dua zikaombwa. Wanazuoni wakamtambulisha Ibn Battuta kwa mfalme. Ni baada ya kuondoka hapo ndipo akapelekewa ile mikate, nyama na maziwa. Watu wanamwombea marehemu wako, kisha wanakutumia chakula: nani katika pwani hii asiyejua maana yake?

Yeye alingojea. Ramadhani ilipoanza akamwendea yule msemaji, Dugha, akasimama mbele ya mfalme na kumwambia kwamba amezunguka dunia na kukutana na wafalme wake, amekaa hapa miezi na hajapewa kitu, basi atamwelezaje mbele ya masultani wengine? Hapo nasimama kila mara nikisoma. Kalamu imegeuka fimbo. Leo nao wapo wanaoitumia hivyo, wanaomwambia mama mwenye nyumba ya wageni apunguze bei, la sivyo watamwandika vibaya mtandaoni asipate tena mteja. Mansa Sulayman alisema hakuwa na habari ya mtu huyo. Kadhi na yule mwanazuoni wakasimama kumkumbusha kwamba mgeni alikwisha kumsalimu, naye akamtumia chakula. Walikitaja chakula hicho barazani, mbele ya watu, kama zawadi kamili ya mfalme. Hawakuona cha kuonea haya. Mfalme akaamuru apewe nyumba na posho, na mwisho wa Ramadhani, alipowagawia wanazuoni zaka, akampa naye mithkali 33 na theluthi moja, kama gramu 140 za dhahabu. Wakati wa kuaga alimpa 100 nyingine. Hata hivyo kitabuni Mansa Sulayman ni bahili.

Kurasa chache mbele mwandishi huyohuyo anaorodhesha mema ya watu wa Mali. Dhuluma ni kidogo na mfalme hamsamehi mdhalimu. Njia ni salama kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuhitaji msafara. Alikwenda na wenzake watatu na kiongozi wa njia. Ijumaa watu huvaa nguo nyeupe safi, na mwenye shati moja kuukuu hulifua akasalie. Mgeni kutoka kaskazini akifia huko, mali yake haiguswi hata iwe nyingi vipi. Huwekwa kwa mtu mwaminifu miongoni mwa wageni wenzake mpaka mrithi aje. Hayo yote ni ya kweli kwa ushahidi wake, na ni makubwa. Mgeni anayekuwa salama njiani, mali yake ikalindwa hata akifa, amekwisha kupewa na nchi hiyo kitu ambacho wafalme wengi waliomvika joho hawakuweza kumpa. Aliyaona mambo hayo, akayaandika, lakini hakuyaingiza katika hesabu ya ukarimu.

Aliporudi Moroko, Sultani Abu Inan aliagiza safari zake ziandikwe. Akazisimulia Fez, usimulizi ukamalizika Desemba 1355, na mwandishi Ibn Juzayy akazitengeneza kuwa kitabu. Baada ya karne nyingi Wafaransa walikuta nakala zake Algeria, na chapa ya Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kifaransa ikatoka Paris kati ya 1853 na 1858. Tangu hapo hakuna anayeandika historia ya Mali bila kumtegemea, kwa kuwa ndiye pekee tuliye naye aliyeingia ikulu ile katika karne hiyo na kuacha maelezo marefu. Wale waliomlisha hawakuandika upande wao, au kama waliandika haujatufikia. Hasira ya mtu mmoja juu ya chakula imekuwa sehemu ya kumbukumbu ya mfalme mzima, na inafundishwa vyuoni.

Alikaa katika mji mkuu ule tangu Juni 1352 hadi Februari 1353. Alitaja mto aliouvuka kabla ya kufika na maili kumi zilizobaki baada yake, lakini hakuacha maelezo ya kutosha kuhusu mahali penyewe. Wataalamu bado wanabishana ulikuwa wapi. Wapo wanaosema ni Niani, katika Guinea ya leo, wapo wanaoutafuta mbali na hapo, kando ya Niger. Dhahabu aliyopewa katika Ramadhani ile ndiyo tunayoijua mpaka theluthi ya mithkali.